Nyumba ipo, kazi zipo: ni aibu kuchukua posho ya watoto hapa Uingereza?

MamaWawili (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, na wazee wote humu shikamooni. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Jambo hili limenikaa kifuani tangu Jumamosi.

Tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara, ukumbi wa kanisa, mimi nimeshika upawa nagawa pilau. Mazungumzo yakafika kwenye maisha kupanda: gesi, kodi ya halmashauri, nauli za treni. Nikasema bila kuwaza, "Afadhali ile hela ya watoto inayoingia Jumatatu, ndiyo inayonunua viatu vya shule." Kaka mmoja tunayemheshimu sana kwenye jumuiya yetu akaweka kijiko chini. "Nyie? Mna nyumba yenu, mumeo mhasibu, wewe nesi, na bado mnakula hela ya maskini? Waachieni wenye shida." Meza nzima kimya. Niliendelea kugawa, lakini mkono ulikuwa unatetemeka mpaka nikammwagia mama wa watu mchuzi kwenye kitenge.

Usiku sikupata usingizi. Kuaibishwa nimezoea, lakini maneno yale yale ndiyo yaliyomponza dada yangu. Nitafika huko.

Kwanza tutenganishe mambo, maana tukisema "benefiti" tunatia kila kitu kapu moja. Universal Credit ni ya wenye kipato kidogo: wanaangalia kipato cha nyumba nzima, na mkiwa na akiba inayozidi pauni 16,000 hampati kitu. Hiyo sisi hatustahili na hatujawahi kuigusa. Ninayoizungumzia ni posho ya watoto, wenyeji wanaiita Child Benefit. Mwaka wa kodi 2025/26 ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na pauni 17.25 kwa kila anayemfuata.

Na posho hii haikuzaliwa kama hela ya maskini. Kuna mbunge mmoja mwanamke, Eleanor Rathbone, alipigania kwa zaidi ya miaka 20 kwamba kulea mtoto ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba hela ya mtoto iingie mkononi mwa mama. Sheria ikapita 1945. Muswada ulipoletwa ulitaka alipwe baba. Mama yule akasimama kidete hadi ukabadilishwa. Akafariki Januari 1946, na malipo ya kwanza yakatoka Agosti mwaka huohuo, shilingi 5 kwa wiki kuanzia mtoto wa pili. Mwaka 1977 ndipo ikaja hii tunayoijua leo, ikamwingiza na mtoto wa kwanza. Kuanzia hapo mke wa daktari na mke wa mfagia barabara walikuwa wanapokea kiasi kilekile, mpaka Januari 2013 serikali ilipoweka tozo kwa wenye kipato cha juu.

Tozo yenyewe sasa hivi inaanza mmoja wenu akivuka pauni 60,000 kwa mwaka (kabla ya Aprili 2024 ilikuwa 50,000), na akifika 80,000 mnakuwa mmerudisha yote. Mume wangu anapata 68,000. Kwa watoto wawili tunapokea kama pauni 2,251 kwa mwaka, tunarudisha 900, inabaki 1,351. Maana yake serikali imeshatuuliza tuna nini, imeshapiga hesabu na imeshachukua chake. Kaka yetu wa mezani anataka tupimwe mara ya pili, na yeye ndiye ashike mizani.

Sasa dada yangu. Alikuja nchi hii 2008, akafanya kazi miaka sita. 2014 akapata mtoto wa kwanza, 2017 wa pili, akakaa nyumbani kulea mpaka 2022. Shemeji ni injinia, na kipato chake kilikuwa kimeshavuka ule mstari wa kurudisha yote wa wakati huo. Fomu ya posho waliipata pamoja na makaratasi mengine ya mtoto mchanga. Shemeji akasema, "Sisi si watu wa benefiti. Na hata tukichukua, tutarudisha yote." Hesabu yake ya hela ilikuwa sahihi kabisa. Fomu ikaingia kwenye droo ya jikoni, chini ya betri zilizokwisha na menyu za pizza.

Alichokuwa hakijui, na sisi wote hatukukijua, ni kwamba fomu ile haileti hela tu. Mzazi anayekaa nyumbani na mtoto wa chini ya miaka 12, akiwa ameandikishwa kwenye posho, anahesabiwa mwaka wa bima ya taifa (National Insurance, ule mchango unaokatwa kwenye mshahara) kana kwamba alikuwa kazini. Miaka hiyo ndiyo inayojenga pensheni ya serikali: 35 ili upate kamili, na usipofika 10 huna chako. Tena unaweza kujiandikisha, ukasema hela sitaki, na miaka ikaendelea kuhesabiwa. Mtoto naye akikaribia miaka 16 anatumiwa namba yake ya bima ya taifa bila kuhangaika.

Mwaka jana dada alifungua rekodi yake kwenye kompyuta, pale mezani jikoni kwake, mimi nikiwa pembeni namenya vitunguu. Kila mwaka una mstari wake. Mistari minane mfululizo imeandikwa kwamba mwaka haujakamilika. Akawa anaigusa mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu: "Huu nilikuwa namnyonyesha. Huu alilazwa na kifua. Huu ninao wote wawili na shemeji yako yuko safarini." Alipofika wa nane akafunga kompyuta, akaniomba vitunguu amalizie yeye.

Ana miaka 48. Akifanya kazi bila kukosa mpaka atimize 67, atakuwa na miaka 28 ya bima. Anapungukiwa saba. Pensheni kamili mwaka wa kodi 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, kwa hiyo ni moja ya tano nzima inayokatika: pauni 46 kila wiki, mpaka siku anaingia kaburini. Yote kwa sababu ya "sisi si watu wa benefiti".

Msimamo wangu basi: familia yenye kazi na kipato kizuri ijiandikishe, bila kujificha na bila kuomba radhi kwa mtu. Mkiona hela hamzihitaji, zikataeni, lakini jina la mama liwepo. Nipingeni kwa hoja. Naomba kuwasilisha.

Babu_Kondakta

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili. Habari ya dada yako imeniuma, na hapo kwenye miaka ya pensheni sina neno. Lakini kwenye hela zenyewe sikubaliani nawe, na niruhusu nikwambie kama mzazi.

Nimefika nchi hii 1979. Nimekata tiketi kwenye mabasi, kisha nikaendesha, mpaka nimestaafu. Siku hizi kila Alhamisi najitolea kwenye chakula cha msaada kanisani kwetu. Kazi yangu ni kujaza mifuko: maharage ya kopo, maziwa ya unga, tambi, taulo za kike, nepi. Wiki iliyopita alikuja binti amevaa sare ya dukani, ametoka zamu hapo hapo, beji ya jina bado iko kifuani. Akauliza kama tuna nepi saizi ya nne. Aliuliza kwa kunong'ona, kama mtu anayeuliza kitu cha wizi. Zilikuwa zimekwisha. Nikampa saizi ya tatu pakiti mbili, akasema Mungu akubariki babu, akaondoka.

Yule anafanya kazi. Sasa nikisikia nyumba yenye 68,000 inabakiziwa pauni 1,351, mimi sioni viatu vya shule, naona nepi. Sheria inaruhusu, sawa, sheria inaruhusu mengi. Sisi tulilelewa kwamba chakula kikiwa kidogo, mkubwa anasema ameshiba.

HesabuKwanza

Mzee shikamoo. Hoja ya nepi inauma, lakini naomba tuangalie hela inakwenda wapi. Pauni ambayo MamaWawili ataacha kuichukua haimfikii yule binti. Inabaki hazina, inachanganyika na nyingine zote, inaweza kwenda kulipa riba ya deni la taifa. Hakuna kapu la "zilizoachwa na wenye nazo" linalogawiwa kwa wasio nazo. Akitaka imfikie binti wa sare, njia fupi ni aichukue Jumatatu na anunue nepi Jumanne.

Halafu mnaodhani hiyo tozo inapima utajiri wa nyumba, hapana. Inamwangalia mmoja, yule mwenye kipato kikubwa zaidi. Mume 59,000 na mke 59,000, jumla 118,000, wanabaki na posho yote. Jirani yao mjane wa watoto watatu anayepata 80,000 peke yake anarudisha yote. Kwa hiyo ukianza kumnyooshea mtu kidole eti "ana nazo", hakikisha unajua nani ana nini.

Na kwa MamaWawili: mumeo akiongeza mchango kwenye pensheni yake ya kazini, kipato kinachopimwa kinashuka. Pauni 8,000 zikienda pensheni, kwenye vitabu anaonekana 60,000 na tozo inaisha. Si ujanja wa kichochoroni, sheria yenyewe ndivyo ilivyoandikwa. Na kama ameajiriwa, siku hizi anaweza kuomba tozo ikatwe kwenye mshahara moja kwa moja.

MamaWawili

@Babu_Kondakta Asante mzee wangu kwa kunijibu kwa upole. Ile ya mkubwa kusema ameshiba nimelelewa nayo pia, mama yangu alikuwa anakula ukoko. Lakini nimekuja kugundua ukubwani kwamba mama yangu hakuwa ameshiba, na hakuna aliyemuuliza. Ndicho kinachonitia hofu kwenye wazo lako: kila mara anayetakiwa kusema ameshiba ni mama.

@HesabuKwanza hilo la mjane wa 80,000 nilikuwa silijui. Nimemsomea mume wangu, amenyamaza muda mrefu.

MleziWaUsiku

Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa simu, ni mapumziko yangu, wazee wote ninaowahudumia wamelala.

Nimekuja na viza ya kazi za uangalizi, 2023, na watoto wangu wawili. Kwenye karatasi zangu imeandikwa kwamba siruhusiwi kugusa fedha za umma. Posho ya watoto imo kwenye orodha hiyo. Universal Credit imo. Nikichukua, naweza kupoteza viza na watoto wangu wakarudishwa wakiwa katikati ya shule. Kila mwezi kodi inakatwa kwenye mshahara wangu, bima ya taifa inakatwa, sawa na dada MamaWawili. Sina tatizo nayo. Nilisaini nikijua.

Lakini nawaombeni, nyie mlioruhusiwa, msiite aibu kitu ambacho mimi nakiota. Mwanangu wa kwanza ana miaka tisa. Nikiona pauni 26 kwa wiki naona masomo ya kuogelea, naona yeye anakwenda safari ya shule badala ya kubaki maktaba na wale watatu ambao wazazi wao hawakulipa. Mtu anayeweza kuchukua akaacha, kisha akajisifu mezani kwamba ameacha, mimi hata simwelewi anamwachia nani. Mimi hanifikii.

Zamu inaendelea, kengele imelia chumba namba sita.

KijanaWaSlough

Dada pole sana, na Mungu akutunze.

Mimi niseme ambalo watu wanalikwepa. Tatizo la jamii yetu si watu wa 68,000 wanaojiandikisha kihalali. Ni wale wanaojifanya wametengana. Mnawajua na mimi nawajua. Baba ana anwani kwa binamu yake, mama anadai yeye ni mzazi pekee, Universal Credit inaingia pamoja na msaada wa kodi ya nyumba, na jioni baba yupo sebuleni anaangalia mpira. Wakati huohuo nyumbani wanajenga ghorofa. Hawa ndio wanaofanya kaka wa mezani amtukane MamaWawili, kwa sababu akilini mwake kila Mswahili anayepokea ni wa namna hiyo.

MamaWawili

@KijanaWaSlough hapo hatubishani hata kidogo. Huo ni wizi, na mwizi wa namna hiyo anawaibia kwanza watu kama MleziWaUsiku, wanaokatwa kodi kwenye hela inayoibwa. Hata hivyo sikubali kuwekwa naye kwenye sentensi moja. Yeye anadanganya kwenye fomu. Mimi fomu yangu inasema ukweli wote, na tozo yetu tunalipa kila mwaka.

PwaniMpole

Assalaam alaykum. Nilikuwa nimekusudia kupita, lakini ile kauli ya "hela ya maskini" imenirudisha.

Kwetu Waislamu iko hela ya maskini kweli, nayo ni zaka. Wanaostahiki wametajwa wazi ndani ya Qur'ani, Surat At-Tawba aya ya 60, mafungu manane, na tajiri hawezi kuila akasema yeye raia. Ukiigusa nawe unazo, umekula kisicho chako. Lakini si kila kinachotoka kwenye hazina ya dola ni zaka, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Kuna riwaya mashuhuri ya Sayyidna Umar, khalifa wa pili. Alikuwa amewawekea watoto posho kutoka Baitul-mal, yaani hazina ya dola, ila mpaka mtoto aachishwe ziwa. Usiku mmoja akawa anazunguka kwenye msafara wa wafanyabiashara uliopiga kambi nje ya Madina, akasikia mtoto analia halali. Akarudi mara ya pili, ya tatu, bado analia. Akamkemea mama. Yule mama, asijue anasema na nani, akamjibu: namwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa sababu Umar hampi posho anayenyonya. Inasemwa kwamba alfajiri ile Umar aliswalisha huku watu hawamfahamu kisomo kwa kilio. Akatoa amri posho ianze siku mtoto anapozaliwa, na ipelekwe miji yote. Hakusema mtoto wa maskini. Alisema mtoto.

Na nyumbani tumeshaliona hili. Pensheni Jamii ilipoanza Zanzibar, Aprili 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 alistahiki Sh 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa ana mnazi au ana meli. Mzee wangu alikuwa na duka la vitambaa, hana shida ya elfu ishirini. Siku ya kwanza akavaa kanzu nyeupe, kofia yake ya kiua, akenda kukaa kwenye benchi na wavuvi aliokuwa hakukaa nao miaka. Nikamwambia kwa simu, baba, si ungewaachia wenzio? Akaniambia: "Nikikaa nyumbani, wale waliokwenda wataitwa maskini. Nikikaa nao, sote ni wazee." Nyingi ya hela ile ilimalizikia hapohapo kwenye kahawa na kashata za wenziwe.

Dada MamaWawili, chukua.

Nyeri_hadi_Luton

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya, na ukweli ni kwamba nimejifunza mengi kwa uzi huu kuliko kwa miaka yangu yote hapa.

Kwetu nyumbani hela za Inua Jamii, zile za msaada wa serikali, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na nyanya yangu hangojei mtu amwambie kama anafaa. Huku ndiko tunaanza kuona haya. Swali langu ni kwa wale wa juu kabisa: mke wangu amekaribia 100,000. Akipita hapo hata kwa pauni moja, tunapoteza zile saa 30 za chekechea zinazolipiwa na serikali, na huku karibu na London chekechea ni kama kodi ya nyumba ya pili. Ameamua kupunguza siku moja ya kazi kwa wiki. Mkubwa wake kazini hajafurahia. Je, hiyo nayo mnaiita halali, mtu kukataa kufanya kazi ndio serikali imlipie?

HesabuKwanza

@Nyeri_hadi_Luton Halali ni halali. Kama ni uzuri, mimi binafsi naona ni hasara kwa nchi: mtu mwenye ujuzi anakaa nyumbani Ijumaa kwa sababu ya mstari uliochorwa vibaya. Lawama niwape waliochora mstari. Kabla hajapunguza siku, aangalie mchango wa pensheni; unashusha kipato kinachopimwa hapo pia, na huenda asihitaji kupunguza kazi.

Niongeze mawili kwa wote, maana kwenye ujumbe wa faragha nimeulizwa. Ule ukomo wa watoto wawili uliowekwa Aprili 2017 hauhusu posho hii tunayoijadili; ulihusu Universal Credit na nafuu ya kodi ya watoto (Child Tax Credit). Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kuuondoa kuanzia Aprili 2026. Posho ya watoto inalipwa kwa mtoto wa tatu, wa nne na kuendelea. Na ukichelewa kujiandikisha, wanarudi nyuma miezi mitatu tu. Usingoje mtoto atembee.

@MleziWaUsiku ukirudi humu: pensheni ya serikali, malipo ya uzazi na malipo ya ugonjwa yanayopitia kwa mwajiri hayahesabiwi kuwa fedha za umma kwenye masharti ya viza. Hayo ni yako ukitimiza vigezo vyake, usiogope kuyadai. Miaka yako ya bima inahesabiwa tangu mshahara wa kwanza.

Babu_Kondakta

Nimesoma yote, ya PwaniMpole nimemsomea na mke wangu.

Nieleze jambo. Mwaka 2024 serikali ilipoiondoa ile hela ya kupasha nyumba joto, ikaibakiza tu kwa wazee wanaopokea misaada ya kipato kidogo kama Pension Credit, mimi niliunga mkono. Nilisema mimi nina pensheni ya kazi, wapewe wenye shida. Jirani yangu ni mama wa Kijamaika, miaka 79, kipato chake kilizidi ule mstari kwa pauni chache kwa wiki. Akakosa. Majira yale ya baridi nilikuwa nikigonga mlango namkuta amevaa koti na kofia sebuleni, chai imepoa mkononi. Namwambia mama washa joto, ananijibu yuko sawa. Mwaka uliofuata wakairudisha, sasa anayezidi pauni 35,000 ndiye anayerudisha kupitia kodi. Safari hii aliwasha.

Kwa hiyo nakubali kwamba mstari ukiwekwa ili kuwazuia wenye nazo, wa kwanza kubanwa na mlango ni aliyesimama karibu na mlango. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Lakini MamaWawili, hujanijibu bado. Kuruhusiwa nakubali. Kujiandikisha nakubali, tena nitawaambia vijana wote pale kanisani. Ninachouliza ni hizi 1,351 zikishafika kwako zinakuwa za nani?

MamaWawili

Mzee wangu, nimekaa na swali hilo tangu jana usiku.

Jibu langu la kweli ni kwamba ni za watoto wangu. Sitakudanganya kwamba zote ninazigawa. Mwaka jana zilinunua viatu jozi nne, koti mbili za baridi, na safari moja ya shule ya siku tatu ambayo mkubwa wangu alirudi anaweza kupiga kasia. Ningeweza kuvilipia kwa mshahara? Ndiyo, kwa kubana. Mshahara huo huo ndio unaolipa ada ya wadogo wa mume wangu wawili kule Iringa na dawa za presha za mama, na hayo hayaandikwi popote wanapopima kipato cha nyumba. Watu wa ofisini wanaona 68,000. Hawaoni nyumba tatu zinazokula humo. Sisemi hivi nionewe huruma, karibu kila mmoja humu anaishi hivyo hivyo.

Ila umenishinda kwenye jambo moja. Mimi nilikuwa naongea kama mtu anayelinda haki yake, nikasahau kuuliza haki ya yule binti wa saizi ya nne iko wapi. Nikimtetea dada yangu wa droo ya jikoni, siwezi kumpita yeye.

HesabuKwanza

MamaWawili, kabla uzi haujazama: mwambie dada yako asikate tamaa. Mwaka 2023 serikali ilikiri hadharani tatizo la wazazi ambao hawakujiandikisha kwa sababu ya ile tozo, ikatangaza kwamba itaweka njia ya kuwarudishia miaka yao ya bima. Apige simu aulize utaratibu wa maombi, awe na vyeti vya kuzaliwa na rekodi ya kipato cha mumewe ya miaka hiyo. Asikimbilie kununua miaka kwanza, maana mwaka mmoja kwa hiari, kwa bei ya mwaka wa kodi 2025/26, ulikuwa pauni 17.75 kwa wiki, kama 923 kwa mwaka, na kwa kawaida unaruhusiwa kurudi nyuma miaka sita tu. Na watoto wake kama bado hawajafika 12, ajiandikishe leo hii.

Jingine: kama mama wa mtoto anafanya kazi na mwaka wake wa bima umetimia, na kuna bibi anayeishi hapa, hajafika umri wa pensheni, anayebaki na mjukuu wa chini ya miaka 12, mwaka huo anaweza kuhamishiwa bibi. Lazima posho iwe imeandikishwa. Mabibi wengi wetu wanalea kutwa nzima na hawalijui.

MamaWawili

@HesabuKwanza nimempigia dada hapohapo. Hakusema kitu kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Vyeti vya kuzaliwa nije na vyote viwili?" Jumamosi nakwenda kwake, na shemeji amesema atakaa nasi mezani mpaka tumalize. Nitaleta mrejesho.

@MleziWaUsiku naomba uniandikie faragha mwanao anapenda kuogelea siku gani. Kuna bwawa karibu na kwetu na mume wangu anawapeleka wetu kila Jumapili asubuhi.

@Babu_Kondakta Alhamisi mnafungua saa ngapi?

Babu_Kondakta

Saa saba mchana. Usiingilie mlango wa kanisa, zunguka nyuma kuna ngazi tatu na mlango wa kijani. Msimamo wangu wa hela uko palepale, lakini nepi nazipokea. Saizi ya tano nazo zimekwisha.